Mashini "yenye kusikia sana" haiko ile unatafuta

Vijana bamoja ba hapa Goma banapenda kuenda usiku kwenye nyumba zenye lava ya volkano Nyiragongo ilimeza mu 2002, banarekodi, asubui banatafuta sauti za mizimu, na kila mara banauliza ileile: ninunue mashini gani ya kurekodi yenye kusikia sana?

Hapo njo kosa iko. Kusikia sana haiko kusikia muzuri. Mashini mingi za bei kidogo zinapandisha sauti zenyewe kama fasi iko kimya, sasa ule ukimya unageuka "shhhh" kubwa, na mu ile shhhh kichwa yako inaanza kutunga maneno, juu akili ya mutu inazoea kutafuta lugha fasi yote. Friedrich Jürgenson, musanii mumoja wa Uswidi, alirekodi ndege mu 1959 akasema anasikia bantu banaongea.

Kwa hiyo tafuta yenye inakubali uzime ile kupandisha, uweke kipimo ya sauti na mukono, irekodi WAV (faili ya sauti yenye haibanwe), biti 16, 44.1 kHz, inatosha kabisa, inashika sauti nyembamba mpaka karibu 22 kHz na sikio yetu inaishia kwa 20. MP3 yenye kubanwa sana inaongeza kelele zake. Kwa upepo ya ziwa, sponji kwa mikro, tafazali! Telefone muzizime, zinaleta tititi. Na usishike mashini mu mukono, iweke chini juu ya kitambaa.

Miye ningenunua mbili za kawaida kuliko moja ya bei kali: sauti ikiingia mu moja tu, anza kushuku ile mashini. Na mutu akikohoa, aseme palepale "ni miye".