Kwa nini Katiba ya Kenya inasema uhai huanza mimba inapotungwa?

Fungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Sura ya Nne, ushuke hadi Kifungu cha 26. Ni kifungu kifupi chenye ibara nne. Ya kwanza inampa kila mtu haki ya kuishi. Ya pili inatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ya tatu inakataza mtu kunyimwa uhai kwa makusudi, ila pale Katiba au sheria nyingine inaporuhusu. Ya nne ndiyo iliyozua maneno mengi: uavyaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Katiba nyingi hazijiingizi katika suala hili. Ya Tanzania ya mwaka 1977 inataja haki ya kuishi bila neno lolote kuhusu mimba. Ya Uganda ya mwaka 1995 inasema hakuna mwenye haki ya kukatiza uhai wa mtoto aliye tumboni ila kwa idhini ya sheria, basi. Ireland iliweka haki ya mtoto aliye tumboni katika katiba yake mwaka 1983, na wananchi wakaja kuiondoa kwa kura mwaka 2018. Kenya yenyewe ilitaja mwanzo wa uhai na papo hapo ikaorodhesha nafasi ambazo mimba inaweza kutolewa. Ukitaka kujua kwa nini, itazame kama hati iliyoandikwa na mikono miwili: ibara ya pili ni ya makanisa, ya nne ni ya madaktari na mawakili wa wanawake. Kila upande ulipata sentensi yake, na hakuna uliopata kifungu kizima.

Sheria ya zamani haikutoka kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilirithiwa kutoka kwa Waingereza, na vifungu vyake vya 158 hadi 160 vipo tangu enzi za ukoloni: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke anayejitoa miaka 7, anayempa dawa au vifaa miaka 3. Hata hivyo huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1938, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria. Akaachiliwa, kwa kuwa mahakama ilikubali kwamba daktari anayeokoa maisha au afya ya mgonjwa wake hatendi kosa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaufuata uamuzi huo. Kwa hiyo mlango mdogo ulikuwepo tangu zamani, ila waliojua kwamba upo walikuwa wachache, hasa mawakili na madaktari wa mijini.

Ila si sheria iliyowafanya watu wa Afrika Mashariki kuiona mimba kama jambo zito. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na mtoto wa kike wa kwanza jina la bibi mzaa baba. Hata kabla mtoto hajazaliwa, jina lake lipo na mtu anayelisubiri yupo. Jamii nyingine nyingi zina desturi zinazofanana na hiyo. Kwa hiyo mtetezi wa uhai anaposimama kanisani na kusema kwamba sisi tunapenda watoto na kwamba mtoto ni wa ukoo mzima, hasemi maneno ya kuazima. Anasema jambo ambalo nyanya yake angelitambua mara moja. Wanaomdhihaki kwamba amefundishwa na Wamarekani wanakosea.

Lakini jamii hiyohiyo ina upande wa pili ambao hausemwi sana mimbarini. Binti anayepata mimba nyumbani kwao, bila mume, hubeba aibu peke yake. Aliyempa mimba huenda akaendelea na masomo. Tanzania Bara wasichana waliopata mimba walizuiwa kurudi katika shule za kawaida za serikali hadi Novemba 2021. Kenya ilikuwa na sera ya kuwarejesha tangu mwaka 1994, lakini sera ni karatasi, na mwalimu mkuu asiyemtaka binti hakosi njia ya kumwambia akajaribu shule nyingine. Msichana wa kidato cha pili anayekunywa dawa za mitishamba alizonunua kwa siri kwa kawaida hajasoma hoja ya mtu yeyote kuhusu uhai. Anachokiona mbele yake ni uso wa baba yake.

Mei 2004 jambo hili lilitoka mafichoni. Maiti 15 za vijusi zilipatikana zimetupwa karibu na barabara ya Mombasa jijini Nairobi. Picha zilijaa magazetini na hasira ikawa kubwa, nami sioni ajabu: picha zile zingemtikisa mtu yeyote. Daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake na wauguzi wawili walikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji, shtaka ambalo wakati huo adhabu yake ilikuwa kifo. Walikaa rumande takriban mwaka mzima, kisha mwaka 2005 Mahakama Kuu ikawaachilia kwa kukosa ushahidi. Kesi hiyo ilifanya kazi mbili kwa mpigo. Wale wa upande wa uhai walipata sura ya kile walichokipigania. Madaktari nao walielewa kwamba, bila maneno wazi katika sheria ya juu kabisa, yeyote kati yao anaweza kuamkia kizimbani. Pande zote mbili zilikuja kwenye uandishi wa katiba zikiwa zimebeba mwaka 2004 mgongoni.

Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga ilitoa rasimu yake ya kwanza Novemba 2009. Rasimu hiyo ilimpa kila mtu haki ya kuishi bila kusema uhai unaanza lini. Makanisa yalipinga vikali. Januari 2010 wabunge wa kamati teule walikutana Naivasha, na hapo maneno kuhusu kutungwa mimba yakaingizwa, pamoja na marufuku ya uavyaji mimba iliyoacha nafasi finyu mno, ya kuokoa maisha ya mama tu. Rasimu iliporudi kwa wataalamu, vyama vya madaktari na mawakili wa wanawake vilikuwa vimeshabisha hodi. Maneno ya makanisa yakabaki, lakini ibara ya uavyaji mimba ikapanuliwa.

Tazama upanuzi huo kwa karibu, kwa sababu ndani ya maneno mawili matatu mna maisha ya watu. Neno la kwanza ni “afya”. Chukua mama mwenye ujauzito wa wiki 20 aliyepatwa na presha kali ya mimba. Kipimo kinasoma 180 kwa 120, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, figo zimeanza kulegea. Dawa za presha zinaweza kununua muda kidogo, lakini ugonjwa wenyewe hautulii mpaka mimba iishe, na kwa wiki 20 mtoto hawezi kuishi nje ya tumbo. Sheria ikisema “maisha” peke yake, daktari mwoga atangoja mpaka mama aanze kutetemeka kwa kifafa cha mimba ndipo aamini kwamba maisha yamo hatarini. Ikisema “maisha au afya”, atachukua hatua figo zingali zinafanya kazi. Neno la pili ni “mhudumu wa afya aliyehitimu”, mahali ambapo ingeweza kuandikwa “daktari”. Aliyewahi kupanga foleni katika zahanati ya kijijini anajua anayemkuta pale: muuguzi, au afisa wa kliniki. Daktari yuko hospitali ya kaunti, na gari la wagonjwa huenda halina mafuta. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 baadaye ilifafanua kwamba muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki wenye leseni wamo katika kundi hilo.

Bunge liliipitisha rasimu Aprili 2010, baada ya mapendekezo zaidi ya 100 ya marekebisho kushindwa kupata kura za kutosha. Hapo makanisa yakajikuta pagumu. Yalikuwa yamepata ibara waliyoitaka, lakini yakaamua kuipinga katiba nzima kwa sababu ya ibara ya nne, na kwa sababu ya Mahakama za Kadhi, zinazoamua mambo ya Waislamu. Kardinali John Njue na Baraza la Kitaifa la Makanisa walikuwa kambi ya La katika kura ya maoni iliyokuwa inakuja. William Ruto alikuwa huko, na Rais mstaafu Daniel arap Moi pia. Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga waliongoza Ndiyo. Viongozi wengi wa Waislamu waliunga mkono Ndiyo, ingawa nao hawakubali mimba itolewe kiholela, kwa kuwa suala la Kadhi liliwagusa zaidi. Tarehe 13 Juni 2010 milipuko katika mkutano wa maombi wa kambi ya La pale Uhuru Park iliua watu sita. Watu waliotoka nyumbani kwenda kuomba hawakurudi, na hadi leo nadhani tumewasahau haraka mno.

Wageni nao walikuwepo. Shirika la kisheria la Wakristo wa Marekani, American Center for Law and Justice, lilifungua tawi lake la Afrika Mashariki jijini Nairobi mwaka huo. Upande mwingine, mbunge wa Marekani Chris Smith na wenzake walitaka uchunguzi ufanywe kama fedha za serikali yao zilitumika kusaidia kambi ya Ndiyo, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1981 inakataza misaada ya nje kutumika kushawishi watu kwa au dhidi ya uavyaji mimba. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo tarehe 4 Agosti 2010 waliopanga mistari walikuwa Wakenya: zaidi ya milioni 6 wakasema Ndiyo, karibu milioni 2.8 wakasema La. Hatuwezi kusema wote walioshinda walikuwa wakipigia kura uavyaji mimba. Walitaka ugatuzi, walitaka madaraka ya rais yapunguzwe, walikuwa bado na makovu ya ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008. Kifungu cha 26 kilipita ndani ya furushi hilo.

Ndipo kazi ngumu ilipoanza, yaani kukifanya kifungu kieleweke zahanatini. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kueleza nani afanye nini na wakati gani. Utafiti ambao Wizara ilifanya pamoja na APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha Nairobi, ulikadiria kwamba mwaka huo peke yake mimba 464,690 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Kisha, Desemba 2013, Wizara ikauondoa mwongozo uleule, na mapema 2014 ikapiga marufuku mafunzo kwa wahudumu. Katiba ilibaki vilevile, lakini muuguzi akaachwa hana wa kumwambia mstari uko wapi. Nimejaribu kuwaelewa waliofanya uamuzi huo. Kama waliamini wanalinda watoto ambao hawajazaliwa, wangeweza kuukaza mwongozo. Kuuondoa kabisa kulimwongezea hofu mhudumu mwenye leseni tu. Anayetoa mimba kwa waya chumbani hakuwa akiusoma tangu mwanzo.

Mwaka huo wa 2014 msichana wa shule alibakwa, akapata mimba, na ikatolewa kwa njia isiyo salama. Alipelekwa kituo kimoja baada ya kingine, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mama yake alikuwa mmoja wa waliofungua kesi. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondolewa kwa mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, wakaamuru familia ilipwe fidia, na wakatamka kwamba aliyebakwa anaweza kupata huduma hiyo iwapo afya yake ya mwili au ya akili imo hatarini. Majaji hao hawakuifuta ibara ya pili. Waliisoma pamoja na ya nne, nami naona ndiyo njia pekee ya haki ya kukisoma kifungu hiki.

Septemba mwaka huohuo, Kilifi, mwanafunzi wa sekondari aliingia kliniki akiwa na maumivu makali na akivuja damu. Afisa wa kliniki alimpima, akaona mimba imeharibika, akamtibu. Polisi wakaingia, wakachukua rekodi za matibabu, wakawakamata wote wawili. Binti alishtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu ya kikoloni na kuwekwa mahabusu ya watoto zaidi ya mwezi. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilifuta mashtaka, ikasema kuwakamata wagonjwa na wahudumu kiholela ni kuvunja Katiba, na ikalitaka Bunge litunge sheria inayolingana na Kifungu cha 26. Watetezi wa uhai hawakuuridhia uamuzi huo, na vita vya rufaa vikafuata.

Bunge lilikuwa na nafasi kabla ya hapo. Mswada wa afya ya uzazi uliopelekwa Seneti na Susan Kihika mwaka 2019 ungefafanua mengi, lakini makanisa na vikundi vya familia viliupinga kwa kuhofia kwamba unafungua mlango wa uavyaji mimba wa kujiamulia, na ukaishia hewani. Vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu vikaendelea kukaa kitabuni vile Waingereza walivyoviacha, chini ya Katiba inayosema mengine. Polisi kituoni anakisoma kitabu kimoja, muuguzi zahanatini anasoma kingine, na binti anayevuja damu hajui ni kipi kitakachotumika kwake usiku huo.