Daktari kasema operesheni imekwenda salama. Je, ndiyo mwisho?

Mgonjwa akishaingizwa chumba cha upasuaji, ndugu waliobaki nje hawana raha. Daktari akitoka na kusema imekwenda salama, watu hushusha pumzi. Wapo hata wanaoanza kuulizia basi la kurudi nyumbani. Mapema mno.

Dhana: Akizinduka kutoka nusukaputi, hatari imepita

Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wastani wa umri wa wagonjwa wote ulikuwa miaka 38 tu na wengi hawakuwa na maradhi mengine makubwa. Kati ya vifo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani wodini: kidonda kinatunga usaha, homa inapanda usiku, na muuguzi ni mmoja kwa wodi nzima. Maambukizi ndiyo yaliyoongoza kati ya matatizo yote.

Dhana: Basi wagonjwa waangaliwe kwa karibu zaidi, yaishe

Hata watafiti walidhani hivyo. Wakafanya jaribio katika hospitali 332: walio hatarini walazwe wanapoonekana na wauguzi, wapimwe mara nyingi zaidi, ndugu waruhusiwe kukaa kando ya kitanda. Majibu yalitoka 2021. Vifo havikupungua. Mimi sikushangaa sana: kuagiza presha ipimwe mara kwa mara hakuongezi muuguzi, wala kugundua kwamba mgonjwa anavuja damu hakuleti chupa ya damu.

Dhana: Orodha ya ukaguzi ni makaratasi tu

Orodha ya Shirika la Afya Duniani, inayosomwa kwa sauti chumba cha upasuaji, huuliza mambo ya kawaida kabisa: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, antibayotiki amepewa, vitambaa na sindano vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika miji minane, Ifakara yetu ya Tanzania ikiwemo, na mwaka 2009 ikaripotiwa kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini Ontario, Kanada, hospitali 101 zilipoanza kuitumia, utafiti wa 2014 haukuona nafuu ya maana. Huko vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo. Tena tiki hupigwa kirahisi hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Dhana: Akikupasua asiye bingwa, umekwisha

Tanzania, upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya umebebwa kwa miaka mingi na madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu, ngazi iliyo chini ya daktari, kisha wakaongezewa mafunzo. Utafiti wa Mwanza na Kigoma, uliochapishwa 2009, uliwalinganisha na madaktari wenye shahada: haukukuta tofauti ya maana kwa mama wala kwa mtoto. Na mabingwa wenyewe wako wapi? Katika utafiti ule wa nchi 25, wa upasuaji, wa uzazi na wa nusukaputi wakijumlishwa pamoja, hawakufika hata mmoja kwa watu 100,000.