Ufadhili si fadhila

Wiki moja nimelisikia neno ufadhili likitumiwa vibaya mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye steshenari moja ya Nyegezi, Mwanza, ambako mama mmoja aliyetoka Ukerewe alikuwa akimweleza kijana wa fotokopi kwamba mwanawe amepata ufadhili, "serikali imemhurumia", huku karatasi aliyoishika ikiwa ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania.

Maana yenyewe ni fupi. Ufadhili wa masomo ni gharama zinazolipwa na mtu au taasisi bila mwanafunzi kudaiwa baadaye. Mkopo hudaiwa: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Kinachonikera zaidi ni huko kuhurumiwa, na nakiri kwamba neno lenyewe ndilo linalotuvuta huko. Fadhili limetoka katika Kiarabu, fadhl, yaani ziada, na kwa hiyo wema anaoutoa mtu bila kuwiwa na yeyote. Ndugu zake tunao kinywani kutwa nzima: fadhila, afadhali, hata tafadhali, ambalo kwa asili ni kumwomba mtu atoe fadhila yake. Mwenye fadhila humpa amtakaye, na aliyekosa hana pa kuuliza. Aliyepata hutakiwa kushukuru, na akinyamaza ataambiwa kuwa fadhila ya punda ni mateke.

Fedha za umma zinazotengwa kwa waliofaulu zaidi hazitolewi hivyo. Ufadhili wa Samia, wa serikali na wenye jina la Rais Samia Suluhu Hassan, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, una sharti linalojulikana: ufaulu wa juu wa kidato cha sita katika tahasusi (michepuo ya masomo) za sayansi, kisha kwenda kusomea fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Aliyetimiza sharti amestahili, na stahili ni neno la ukoo mwingine kabisa. Limetokana na ahl, mzizi uleule uliotupa ahali, watu wa nyumbani. Anayestahili ni mtu wa nyumba ile; habishi hodi.

Hapo ndipo suala la haki linapokaa. Ingekuwa fadhila, binti wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mwenye A tatu asingeweza kuuliza kwa nini tahasusi yake imeachwa nje, wala kijana aliyefundishwa fizikia bila maabara asingeweza kuuliza amepimwaje pamoja na aliyekuwa nayo. Kwa kuwa ni stahili, wote wawili wana la kuuliza: kwanza, kama kipimo kimetumika sawa kwa kila mtu, pili, kama kipimo chenyewe ni cha haki. La kwanza hujibiwa kwa alama na orodha ya majina. La pili, kwa maoni yangu, bado halijajibiwa.

Yule mama nilimwambia, "Shikamoo mama. Huo ni mkopo, atakuja kuulipa mwenyewe. Na hata ungekuwa ufadhili, asingekuwa amehurumiwa, angekuwa amestahili." Akaitikia marahaba, akaitazama tena ile karatasi, kisha akaomba atolewe nakala mbili zaidi.