Paji, panja, utosi, kisogo: kila mahali pa kichwa na kazi yake

Abiria wa boda boda akianguka kwenye barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, daktari atataka kujua kichwa kiligonga wapi. Ubongo ni kama kilo 1.4 tu, lakini kila sehemu yake ina kazi yake.

Nyuma ya paji la uso ndipo tunapopanga, tunapoamua na tunapojizuia. Upande wa kushoto, kwa watu wengi, ndiko maneno yanakoundwa. Mwaka 1861 jijini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza usemi kwa kuharibika sehemu hiyo. Aliyeumia kwingineko nyuma ya paji anaweza kutembea na kuzungumza vizuri, ila tabia ikabadilika: mpole anakuwa mwepesi wa matusi, mwangalifu anatapanya pesa. Jamaa husema ana kiburi, pengine amerogwa. Ni jeraha, na lapasa kutibiwa kama jeraha.

Utosini, kuelekea nyuma, ubongo hupokea hisia za mguso na kujua kila kiungo kiko wapi. Ukimpuuza mtu husemwa umempa kisogo, kumbe ubongo wa kisogoni ndio unaoona: ukiharibika, mtu huwa kipofu na macho yake ni mazima. Tena, anayeangukia kisogo mara nyingi huumia mbele, kwa kuwa ubongo huelea katika majimaji na hurushwa hadi ukajigonga kwenye mfupa wa upande wa pili.

Panja, pale ubavuni mwa kichwa kati ya jicho na sikio, ndilo la kuogopwa. Ndani yake mna kusikia, kuelewa maneno na, kwa kina zaidi, kuweka kumbukumbu mpya. Mfupa wa hapo ni mwembamba na chini yake umepita mshipa wa ateri. Ufa mdogo waweza kuupasua mshipa huo, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo. Mtu huzirai, huzinduka, husema "niko sawa" na kwenda nyumbani. Saa chache baadaye kichwa kinazidi kuuma, anatapika, anasinzia ovyo, mboni moja ya jicho inakuwa kubwa kuliko nyingine. Huyo haambiwi alale apumzike. Apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya kichwa. Ulizeni kwa simu kabla ya kuondoka, maana si kila kituo kinayo.

Chini ya kisogo kuna ubongo mdogo, unaosawazisha mwendo. Mlevi anapoyumba na kukokota ulimi, ni huo umelewa.

Chini kabisa ni shina la ubongo, unene wake kama kidole gumba. Humo hupita amri za viungo, zikivuka upande: mkono wa kulia ukilegea, tafuta tatizo kushoto. Humo pia mnaendeshwa pumzi na mapigo ya moyo. Fuvu halitanuki, kwa hiyo damu ile ya panjani husukuma ubongo chini hadi ulibane shina, na pumzi hukatika.

Kwa hiyo, aliyegonga kichwa na kuzirai apimwe hospitalini hata kama amezinduka. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza. Asipewe aspirini, huzidisha kuvuja damu. Na helmeti ifungwe kidevuni: iliyolegea huruka kabla kichwa hakijafika kwenye lami.