Hank Aaron hakutegemea misuli tu

Wengi hudhani mpiga homurani, yaani pigo linalouvusha mpira juu ya uzio, ni pande la mtu anayerusha gongo kwa kubahatisha. Sivyo kabisa. Hank Aaron, aliyecheza ligi kuu za besiboli Marekani 1954 hadi 1976, alikuwa na kilo 82 hivi. Nguvu yake ilikuwa kwenye vifundo vya mikono: aliusubiri mpira, akausoma, ndipo gongo likafyatuka. Alipiga homurani 755, lakini hakufikisha 50 katika msimu wowote; 47 za 1971 ndizo nyingi zaidi. Wala hakutolewa kwa straiki tatu, yaani kukosa au kuacha mipira mitatu iliyofaa kupigwa, mara 100 msimu mmoja. Na hili ndilo zito: ondoa homurani zote, bado anabaki na mapigo halali, yaani yanayomfikisha mpigaji kituoni salama, 3,016.