Hali ya STALE si hitilafu: dhana potofu kuhusu jedwali la ARP

Mtandao wa ofisi unapozorota, hakosekani fundi atakayefungua jedwali la ARP (orodha inayooanisha anwani ya IP ya kila kifaa cha mtandao wa ndani na anwani yake ya MAC, yaani ya kadi yake ya mtandao) kwenye seva ya Linux, akaona nusu ya anwani zimeandikiwa STALE, na kukata shauri kwamba zimekufa na lazima zifutwe. Wengine hupanga kabisa amri ya kulifuta jedwali zima kila baada ya dakika chache, kisha hutuita tuwaeleze kwa nini mtandao umezidi kusuasua.

STALE haimaanishi kwamba anwani ina kosa, bali kwamba haijathibitishwa hivi karibuni. Linux isiporekebishwa huiamini anwani kwa muda wa kubahatisha kati ya sekunde 15 na 45. Muda huo ukipita bila uthibitisho mpya, hali hubadilika kuwa STALE, lakini anwani ya MAC hubaki na huendelea kutumika. Pakiti inayofuata hutumwa huko huko papo hapo, kisha mfumo husubiri sekunde 5, na majibu ya TCP (itifaki ambayo mpokeaji huthibitisha kupokea data) yakirejea katika muda huo huwa ni ushahidi tosha kwamba jirani, yaani kifaa chenye anwani hiyo, yupo. Yasiporejea, mfumo humuuliza jirani huyo peke yake hadi mara 3, na akinyamaza ndipo anwani huachwa. Anayelifuta jedwali huuvunja utaratibu huu wote, kwa kuwa kila mawasiliano hulazimika kuanza upya kwa tangazo linalofikia vifaa vyote vya mtandao huo wa ndani. Wanaoshangaa kuona STALE ikikaa siku nzima wajue kwamba jedwali lenye anwani chini ya 128 kwa kawaida halifagiliwi, yaani mfumo hauondoi anwani za zamani.

Wapo pia wanaodai kwamba mifumo yote hutumia muda mmoja. Si kweli: ruta ya Cisco yenye IOS (mfumo endeshi wa Cisco) hutunza anwani kwa saa 4 na mfumo endeshi wa FreeBSD kwa dakika 20, kwani itifaki yenyewe ya ARP, iliyochapishwa mwaka 1982, haikulazimisha muda wowote.

Kuhusu dai kwamba kufuta ARP husafisha pia kumbukumbu za DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), hizo ni hifadhi mbili zisizohusiana.

Ukibadilisha ruta, ile mpya kwa kawaida hujitangaza yenyewe na majirani hurekebisha majedwali yao. Isipojitangaza, futa anwani hiyo moja kwa amri ya ip neigh del, na nyingine uziache.