Shelley na swali la nani hasa mfanya fujo

Kila ninapoanza kumfundisha Percy Bysshe Shelley, mshairi Mwingereza, darasa hutarajia mshairi wa ndege na mawingu. Siwalaumu, maana diwani za shule zimemlainisha mno. Mimi huanza na shairi lake moja, The Mask of Anarchy, yaani Kinyago cha Fujo, na ndani yake neno moja: fujo.

Tarehe 16 Agosti 1819 watu kama 60,000, wake kwa waume na watoto, walikusanyika St Peter's Field, Manchester, kudai haki ya kupiga kura. Mji mzima wa viwanda haukuwa na mbunge wake! Mahakimu wakaagiza askari wa farasi, nao wakaingia na panga. Watu wasiopungua 15 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na serikali ikawapongeza mahakimu. Shelley alikuwa Italia. Habari zilimfikia mwezi uliofuata, akaandika beti 91.

Shairi ni msafara wa vinyago. Mbele yuko Mauaji, amevaa sura ya Castlereagh, waziri wa mambo ya nje, anawatupia mbwa wake mioyo ya watu waitafune. Anafuata Ulaghai, naye ni Eldon: machozi yake yanageuka mawe ya kusagia na kupasua vichwa vya watoto wanaocheza miguuni pake. Kumbuka kwamba Eldon ndiye jaji aliyemnyima Shelley malezi ya watoto wake wawili mwaka 1817. Hapo mshairi anatonesha kidonda chake mwenyewe.

Wa mwisho, juu ya farasi mweupe aliyetapakaa damu, anakuja Fujo mwenyewe. Kavaa taji, na kwenye paji la uso pameandikwa: mimi ni Mungu, na Mfalme, na Sheria. Kumbe! Jina walilobandikwa waandamanaji Shelley amelibandua na kuwarudishia watawala.

Mtu huyu alifukuzwa Oxford mwaka 1811 kwa kijitabu cha kumkana Mungu, na lugha nzito ya wasomi aliimudu. Humu ameshuka makusudi: mishororo mifupi, vina viwiliviwili, mwendo wa nyimbo za mitaani. Hata uhuru anaufasiri kuwa ni mkate kwenye meza ya kibarua, nguo, na moto wa kuota. Kisha anawaambia watu wasimame wamekunja mikono mbele ya panga, kwani nyinyi mu wengi, wao ni wachache.

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Italia, tena mtoto wa mbunge tajiri. Mwaka 1812 mtumishi wake, Daniel Healy, alikamatwa Barnstaple akisambaza maandishi ya Shelley, akafungwa miezi sita. Bwana wake hakushtakiwa. Simsamehe kwa hilo, ingawa shairi nalipenda.

Alilituma kwa Leigh Hunt, mhariri wa gazeti la The Examiner. Hunt alikwisha kukaa jela miaka miwili kwa kumkashifu mrithi wa ufalme, akalifungia shairi. Lilitoka 1832, mwaka ambao Bunge liliipa Manchester viti viwili. Shelley alikuwa amezama baharini tangu 1822, na Castlereagh alizikwa mwaka huohuo.